"Tulifika saa kumi, bahari haipo": kupanga wikendi ya mji na pwani kwa kufuata maji

*Swali: Mtaalamu, tuko marafiki sita na tunapanga wikendi ya mji na pwani. Ijumaa tunatoka kazini saa kumi jioni. Mjini ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na ufuo uko saa moja mbele ya mji. Jumapili jioni tuwe tumerudi. Mara ya mwisho tuliharibu kila kitu. Jedwali lilisema maji yatajaa 10:20, mimi ndiye niliyelisoma, basi tukazunguka mjini mpaka mchana na kufika ufuoni saa kumi na robo jioni. Bahari haipo! Matope, mawe na mwani mpaka macho yanapokoma. Mwenzetu mmoja akatembea mbali kuifuata, giza lilipoanza akarudi akivuka maji ya kiunoni. Safari hii tulale wapi, mjini au pwani? Wenzangu watatu wanautaka usiku wa mjini, watatu wanaitaka bahari. Ni kweli asubuhi bahari ni salama zaidi? Wawili hawajui kuogelea, wanasema watakuja na maboya ya kupuliza. Na mmoja ana kifafa, anatumia dawa, hajaanguka kwa zaidi ya mwaka. Jedwali la Jumamosi yetu linasema: 04:20 mita 0.3, 10:35 mita 3.8, 16:45 mita 0.2, 22:55 mita 3.6.*

Jedwali halikukosea, na bahari haikuwatoroka. Kilichowaponza ni saa. Majedwali ya maji huchapishwa kwa saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, kwa hiyo 10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa kumi na dakika ishirini jioni ingeandikwa 16:20. Kati ya hesabu hiyo na yetu kuna saa sita kamili, na hapo ndipo pabaya: kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni saa sita na kama dakika kumi na mbili. Anayekosea namna hii hapishani na maji kidogo, anafika wakati ulio kinyume kabisa. Angekosea kwa saa tatu, angalau angeikuta nusu ya bahari.

Kabla hatujaendelea, chukua kalamu uandike upya jedwali la Jumamosi kwa saa tunazozisema mdomoni. Maji yatapwa saa kumi na dakika ishirini alfajiri, yatajaa saa tano kasoro dakika ishirini na tano asubuhi, yatapwa tena saa kumi na moja kasorobo jioni, na kujaa saa tano kasoro dakika tano usiku. Itume karatasi hiyo kwenye kundi lenu la simu, usitume picha ya jedwali. Angalia pia mambo mawili ambayo watu huyaruka. Kwanza, jedwali limeandikwa kwa saa za nchi gani? Baadhi hutoa saa za dunia ambazo lazima uongeze au upunguze kulingana na ulipo, na nchi zinazosogeza saa majira ya joto zina mtego wa saa moja zaidi. Pili, ni la bandari gani? Kama bandari iko ndani ya ghuba au mdomoni mwa mto na ufuo wenu uko bahari wazi, saa zinaweza kupishana hata kama ni jirani.

Kuna kosa la pili ambalo hamkulifanya ila naona linawanyemelea, la kumwamini rafiki aliyekwenda wiki iliyopita. Mtu anasema, "Sisi saa sita mchana tulikuwa tunaogelea vizuri kabisa," na anasema kweli. Lakini wakati dunia inajizungusha mara moja, mwezi nao umesogea mbele kwenye njia yake, kwa hiyo ufuo hurudi mahali palepale chini ya mwezi baada ya saa 24 na dakika 50. Ndiyo maana maji huchelewa kila siku kwa wastani wa dakika 50. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Kama Jumamosi iliyopita saa sita mchana maji yalijaa, Jumamosi hii saa sita mchana yamepwa. Ushauri wa wiki moja nyuma ni sumu, wa wiki mbili nyuma unakaribia ukweli.

Sasa tuziangalie mita. Toa 0.2 kwenye 3.8 unabaki na 3.6. Pitisha jicho kwenye siku nyingine za mwezi huo huo katika jedwali. Kama hakuna siku inayoizidi tofauti hiyo kwa mbali, mko kwenye bamvua: mwezi, dunia na jua vimejipanga mstari mmoja na mvuto wao unavuta pamoja. Hutokea siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvutana pembeni, na maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo ndiyo maji mafu. Wasioogelea vizuri huwa nawapendekezea maji mafu, maana mikondo yake ni mipole. Bamvua ni ya watu wanaopenda kutembea juu ya mwamba maji yakipwa. Mkiwa na nafasi ya kuchagua wikendi, kumbukeni kwamba katika ufuo mmoja bamvua hujaa karibu saa zilezile kila mara. Kwenu hujaa asubuhi kuelekea adhuhuri. Bamvua ya mwezi ujao itajaa hivyo hivyo, na wiki ya maji mafu katikati yake maji yatakuwa yamepwa saa hizo. Wavuvi wanalijua hili bila karatasi.

Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawa ile tofauti kwa kumi na mbili. Kwenu fungu moja ni sentimita 30. Saa ya kwanza baada ya kujaa hutoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa hiyo Jumamosi yenu maji yatakuwa mita 3.8 saa tano kasoro asubuhi, 3.5 kufikia saa sita kasoro, 2.9 kufikia saa saba kasoro, halafu yanaporomoka: 2.0 kufikia saa nane kasoro, 1.1 kufikia saa tisa kasoro. Katika saa mbili za katikati nusu nzima ya maji imeondoka, mita 1.8, zaidi ya kimo cha watu wengi. Yakipanda ni vivyo hivyo kinyumenyume. Saa ya tatu na ya nne hupanda sentimita 90 kwa saa, yaani sentimita moja na nusu kila dakika. Simama kwenye fungu la mchanga ukipiga picha kwa dakika ishirini, maji yaliyokuwa kwenye kifundo yako chini kidogo ya goti.

Hesabu hii ni ya makadirio, na inafaa pale tu bahari inapojaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa mpangilio wa kawaida. Kuna pwani za Ghuba ya Mexico zinazojaa mara moja tu kwa siku. Southampton, Uingereza, maji hujaa, husita, kisha hujaa tena. Mediterania kwa sehemu kubwa haisogei hata nusu mita, ilhali Ghuba ya Fundy kule Kanada hupanda na kushuka kufikia mita 16. Kwa jedwali kama lenu, inatosha.

Na huyo mwenzenu aliyerudi kiunoni? Ufuo si sakafu. Karibu na nchi kavu mara nyingi kuna bonde refu sambamba na ufuo, na mbele yake tuta la mchanga au mwamba. Mtu anavuka bonde likiwa kavu, anapanda tuta, anasimama juu akiona maji yako mbali mbele yake. Maji hayamfuati kwa mbele. Yanaingia kwenye mianya, yanajaza bonde nyuma ya mgongo wake, na yeye juu ya tuta bado miguu mikavu. Akigeuka, njia aliyojia ni mfereji, na mfereji huo una mkondo. Alivuka kiunoni, nusu saa baadaye angevuka shingoni, gizani. Kanuni ya kutembea kwenye maji yaliyopwa ni hii: toka yakiwa bado yanashuka, na saa ya kupwa iliyoandikwa kwenye jedwali ikukute tayari unarudi. Kwenu Jumamosi ni saa kumi na moja kasorobo jioni. Nendeni saa tisa na nusu, wekeni kengele ya simu saa kumi na nusu, na kengele ikilia mgeuke hata kama mbele kuna kitu kizuri. Vaeni viatu vyenye soli ngumu, maana mtu akikanyaga samaki mwenye miiba yenye sumu, au taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, mwamba huo hautembeleki tena. Ikitokea, mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa sababu aliye kwenye maumivu makali hahisi kwamba anaungua. Kisha apelekwe hospitali.

Tuje kwenye kulala. Kulala mjini siku zote mbili kunaonekana rahisi, mzigo mmoja, ufunguo mmoja, lakini kila mkitaka bahari mnalipa saa mbili za barabara, na hizo za kurudi dereva wenu ametoka juani. Kulala pwani siku zote mbili kunawanyima watatu walioutaka mji. Wengi hugawana: Ijumaa mjini kwa sababu ndipo wanapofika kwanza, Jumamosi pwani. Kwa jedwali lenu huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote. Bahari yenu nzuri ya Jumamosi inaanza saa tatu asubuhi na kwisha saa saba mchana. Mtu aliyelala saa tisa usiku baada ya kunywa hatafika ufuoni saa tatu, na akifika, hatakiwi majini.

Geuzeni. Ijumaa mkitoka saa kumi, piteni mji bila kusimama zaidi ya robo saa ya kujinyoosha na kubadilishana usukani, mfike pwani saa moja na robo usiku. Kama hakuna dereva wa pili, afadhali mkodi gari lenye dereva kwa siku hiyo. Jumamosi mnaamkia bahari, mnaogelea saa tatu mpaka saa sita, mnakula, mnalala kivulini, mnatembea mwambani alasiri, kisha mnaingia mjini saa moja au saa mbili usiku mkiwa mmeshaoga. Usiku huo uwe mrefu wapendavyo, kwa sababu Jumapili hamna miadi na maji. Mnaamka mnapoamka, mnachagua mtaa mmoja tu wa mji mkaumaliza kwa miguu, na saa tisa mnaondoka. Mtaa mmoja nausisitiza. Watu sita hawatembei kwa mwendo wa mtu mmoja. Kila choo, kila duka na kila "tusubirini kidogo" hula dakika kumi. Usiku wa mji usifuatwe na asubuhi ya bahari, hilo ndilo la kushika. Jedwali likiwa tofauti, bahari ikijaa jioni, panga upya kuanzia hapo: bahari iwekwe kwanza kwenye ratiba, mji ujaze mapengo. Mji hausogei dakika 50 kila siku.

Umeuliza kama asubuhi ni salama zaidi. Ni tulivu zaidi, na hilo si jambo lile lile. Mchana jua huichemsha nchi kavu haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi. Upepo huo huanza asubuhi ikichelewa na kupata nguvu alasiri, ukileta mawimbi. Usiku mambo hugeuka, nchi kavu hupoa kwanza na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, wakati mwingine hadi asubuhi. Huo ndio unaoulaza uso wa maji ukawa kama kioo. Na huo huo ndio unaosukuma maboya ya kupuliza kwenda mbali.

Hapa nataka wale wawili wasioogelea wasome wenyewe. Boya la kupuliza ni tanga. Sehemu kubwa yake iko juu ya maji, kwa hiyo upepo mwepesi tu wa kutoka nchi kavu unalisukuma kwa kasi ambayo mtu aliyelilalia hawezi kuishinda kwa kupiga mikono. Kwenu, kuanzia saa tano kasoro maji yenyewe yanaanza kutoka. Upepo na maji vikishirikiana upande mmoja, mtu anayechekea ufuoni anajikuta mita mia ndani, anaogopa, anajirusha ili arudi, na hapo ndipo anapokumbuka kwamba hajui kuogelea. Maboya yaacheni nyumbani, au yatumieni kwenye bwawa.

Badala yake kodini au nunueni jaketi la kuokolea. Lina namba inayoonyesha nguvu yake ya kuelea. Lenye 50 ni la msaada kwa anayejua kuogelea, halimgeuzi mtu aliyezimia. Lenye 100 limetengenezwa kumgeuza uso utazame juu katika maji yaliyotulia, na ndilo linalowafaa hao wawili. Lipimeni hivi: mvaaji afunge mikanda yote, mwenzake ayavute mabega ya jaketi kwenda juu kwa nguvu. Likipanda likafika masikioni, ni kubwa au halikufungwa sawasawa. Hata wakiwa nalo, wasivuke kina cha kiunoni, na kila mmoja awe na mwogeleaji wake mmoja, anayetajwa kwa jina kabla ya kuingia. "Tutaangaliana" ina maana hakuna anayeangalia. Na mjue mnatafuta nini. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Yuko wima, kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inabonyeza maji pembeni kana kwamba anapanda ngazi. Ana kati ya sekunde 20 na 60. Mkimwita asijibu, mwendeeni na kitu kinachoelea mkononi, kamwe si mikono mitupu, maana atakukumbatia mzame wote.

Mkondo wa kurudi nao una uzushi wake. Watu husema unavuta chini. Hauvuti chini, unavuta nje. Mawimbi husukuma maji ufuoni, maji hayo hutafuta pa kutokea, na yakipata mwanya kwenye tuta la mchanga au kwenye mwamba hutoka humo kwa pamoja kama maji ya bonde. Utauona kama njia yenye rangi nzito kati ya sehemu mbili zinazopiga mawimbi meupe, imetulia, povu na mwani vikielekea nje. Inatamanisha kwa utulivu wake, na ndiyo maana wageni huchagua kuogelea hapo hapo. Mkondo mkali hufika mita 2 kwa sekunde, mwendo ambao bingwa wa Olimpiki wa mita 100 anaumudu kwa chini ya dakika moja. Usishindane nao. Lala chali, elea, inua mkono mmoja, na ukiwa na nguvu ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye njia hiyo, ndipo urudi pale mawimbi yanapovunjika. Penye waokoaji ogeleeni kati ya bendera mbili za rangi nyekundu na njano. Bendera nyekundu tupu ina maana usiingie, hata kama jirani yako ameingia. Penye mwamba, mwanya hutoa maji kwa nguvu zaidi katika zile saa za kuporomoka, kwenu saa saba mpaka saa tisa mchana. Ndiyo sababu nimewapa saa sita ya kutoka majini na si saa nane.

Kuhusu mwenzenu mwenye kifafa, mwaka mzima bila kuanguka ni habari njema, ila haimpi ruhusa ya bahari moja kwa moja. Hatari kwake haitokani na mwili dhaifu. Inatokana na mahali: sekunde thelathini za kupoteza fahamu ambazo kitandani zingepita bila madhara, majini zinatosha kuua. Na vinavyochochea kifafa ndivyo vilivyojaa kwenye wikendi za marafiki: kukosa usingizi, pombe, kusahau dawa kwa sababu ratiba imevurugika. Amuone daktari wake kabla ya safari, si kwa simu ya haraka ya Ijumaa mchana. Aulize mambo matatu: kama aingie majini, dozi azichukueje siku za safari, na afanye nini akisahau moja. Dawa aigawe kwenye mikoba miwili, na mmoja wenu ajue iko wapi. Usiku wa Ijumaa alale mapema, na hii ni sababu nyingine ya kuanza na pwani.

Akiruhusiwa, avae jaketi lile la 100, asipite kiunoni, na mwangalizi wake awe mtu mmoja mwenye nguvu anayejua la kufanya, yuko hatua mbili kutoka kwake, hana simu mkononi. Akianguka majini, mshikeni kwa nyuma, uso ubaki juu ya maji, msimzuie mitikisiko na msimtie kitu mdomoni. Mtoeni mitikisiko ikipungua, au mara moja kama mawimbi hayawaruhusu kusubiri. Ufuoni mlazeni ubavu kama anapumua. Kama hapumui, mmoja apige simu ya dharura, mwingine aanze na pumzi tano, kisha mikandamizo 30 ya kifua na pumzi mbili, bila kukoma. Yeyote aliyevuta maji, mwenye kifafa au asiye nacho, akawa anakohoa mfululizo, anahema haraka, ana usingizi usio wa kawaida au amechanganyikiwa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye, mtu akiwa tayari ameketi mezani anacheka. Na aliyepata kifafa majini apelekwe hata kama anasema yuko sawa.

Jua nalielezea kwa ufupi kwa sababu mengi mnayajua. Saa zenu nzuri za maji zinaangukia karibu na jua la utosi, hilo halina ujanja. Losheni ya kuzuia jua yenye kinga ya 30 hufanya kazi iliyoandikwa kwenye chupa ikiwa mtu mzima amejipaka kama mililita 35 mwili mzima. Watu wengi hujipaka theluthi tu wakashangaa kubabuka. Chupa ya mililita 200 ni duru moja tu kwa watu sita, na duru hurudiwa kila saa mbili na kila mkitoka majini. Ama mnunue chupa nne, ama muogelee na fulana ya mikono mirefu mpunguze hesabu kwa karibu nusu. Fulana ni nafuu. Maji ya kunywa yawe angalau lita mbili na nusu kwa kila mtu kwa siku ya ufuoni, na pombe ianze mjini.

Ratiba hii nimeipanga kwa karatasi, na karatasi haijui upepo wa Jumamosi wala mahali mchanga ulipohamia baada ya dhoruba ya mwezi uliopita. Mkifika pwani Ijumaa usiku, mwambieni mwenyeji wenu awaonyeshe kesho yake mwokoaji, au pasipo na mwokoaji, mvuvi anayetia chombo chake pale pale. Muulizeni maji yanatokea wapi yakianza kupwa, na wenyeji wenyewe huwaogeshea watoto wao sehemu gani. Muulizeni pia siku hiyo maji yanajaa saa ngapi, kwa Kiswahili, mlinganishe na ile karatasi uliyoandika. Akisema saa tano kasoro, jedwali lenu ni la ufuo huo. Akitaja saa inayopishana na yenu kwa zaidi ya nusu saa, fuateni yake.